Gurudumu la Mwezi wa Ramadhani

Katika karakana yetu ya Newtown hapakuwa na sheria nyingi ukutani. Ukutani palikuwa na kalenda ya duka la mbao na picha ya timu ya mpira iliyokwisha kuvunjika zamani. Sheria iliyotuongoza haikuandikwa popote, nayo ni hii: aliyetengeneza ndiye anayepanda kwanza. Umetengeneza kiti, wewe ndiye wa kwanza kukikalia. Umetengeneza ngazi, unaikwea mpaka kidato cha juu na kurukaruka pale mbele ya wenzio. Kitanda unakilalia na viatu vyako huku watu wanakucheka. Ukianguka, umeanguka wewe na si mteja.

Nimefanya useremala miaka thelathini na ushei, Tanga kwanza na Johannesburg baadaye, na sheria hiyo nimeivunja siku moja tu. Nyinyi vijana mnaojifunza kazi mmeniomba niandike ninayoyajua kuhusu mbao. Nitaandika, lakini msishangae mkiona kila njia ninayopita inanirudisha kwenye siku ile.

Aliyenifundisha sheria hiyo ni Papa Ilunga, Mkongo wa Lubumbashi, aliyekuwa seremala mkuu pale. Ananizidi kama miaka kumi. Nilipofika Jozi, ndiyo Johannesburg hiyo, nilijiona bingwa, maana Tanga nilikuwa nachonga milango ya nakshi na watu wananisifu barabarani. Siku ya kwanza alinipa kipande cha ubao mwekundu akaniuliza ni mti gani. Nikasema mninga. Akasema hapana, huu ni mulombwa. Bosi wetu, mama mmoja wa Kizungu tuliyemwita Madam Hester, akapita na kikombe chake akasema sote tumekosea, ni kiaat. Tukabishana mpaka chai ikapoa, ndipo tukagundua kwamba watu watatu tunagombania mti mmoja wenye majina matatu. Kwa hiyo kabla hamjabishana na fundi wa nchi nyingine, nuseni ubao. Mninga ukipitiwa na msumeno unatoa harufu ya viungo kwa mbali, na pua ya Mkongo na ya Mtanga zinaisikia sawasawa.

Kazi yangu ya kwanza kuipanda pale ilikuwa kiti cha bembea. Nilikipiga msasa hadi kikateleza kama sahani, nikasahau kungoja gundi ikauke. Nikakikalia kwa madaha mbele ya Madam Hester na mteja wake, kikafunguka miguu yote minne kwa pamoja, nami chini pu! Papa Ilunga alicheka hadi akashika ukuta.

"Rajabu, matako yako njo imeona kosa mbele ya macho yako," alisema kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi, ambacho "ndiyo" yake ni "njo" na "kabla ya" yake ni "mbele ya". Kisha akanipa mkono akaninyanyua, akanionyesha jinsi ya kubana viungo kwa kamba iliyosokotwa na kijiti, njia niliyoitumia mpaka nilipostaafu kila nilipokosa vibanio.

Nyinyi sasa mna mashine zinazokata kwa kompyuta. Mnachora kwenye skrini, mashine inakata, mnaunganisha kama watoto wanavyounganisha midoli. Sina ugomvi nazo. Ninachosema ni kwamba mashine haiwezi kukalia kiti. Hapo lazima apatikane mtu mwenye uzito na mifupa.

Karakana yetu haikutengeneza samani tu. Madam Hester alichukua kazi za watu wa filamu na wa maonyesho. Tumetengeneza mitumbwi isiyoelea, jukwaa la kunyongea lisilonyonga, na mlango wa jela ambao mfungwa angeweza kuufungua kwa kidole. Unazoea kutengeneza vitu vya uongo. Nadhani mazoea hayo yalichangia, lakini sitaki kuyasingizia.

Basi ikaja kazi ya gurudumu. Jumba moja la maonyesho lilikuwa linaandaa chumba cha adhabu za kale, wakataka gurudumu la kukanyagwa na wafungwa, kubwa sawa na yale ya kale na linalozunguka kweli, ili wageni waone mtu akilipanda.

Nyinyi mkisikia gurudumu mnafikiria gari. Hili ni kama pipa la mbao lililolazwa ubavu, refu kama ukuta wa chumba. Mwili wake wote umezungushiwa vikanyagio, yaani ngazi iliyokunjwa ikaunganishwa mwanzo na mwisho. Mfungwa anasimama juu ya kikanyagio, anashika gongo lililofungwa mbele ya kifua chake, anakanyaga kwenda juu. Uzito wake unakishusha kile kikanyagio. Anakanyaga cha pili, nacho kinashuka. Anapanda saa nzima, anapumzishwa kidogo, anarudi kupanda, na jioni yuko palepale alipoanzia asubuhi. Waingereza waliyatumia katika jela zao na wakayapeleka kwenye makoloni, na Madam Hester alituambia hata Cape, koloni lao la huku kusini, liliwahi kuwepo. Watu walipangwa bega kwa bega. Kwingine walitenganishwa kwa mbao, kila mmoja ndani ya kijisanduku chake, asimwone mwenzake wala asiseme naye.

Zamani zaidi magurudumu ya namna hiyo yalikuwa na kazi ya maana. Watu waliyakanyaga kunyanyulia mawe ya majengo na kuvutia maji, na hata baadhi ya jela zilisagia nafaka. Jela nyingine hazikusaga kitu. Kwenye mchoro tulioletewa, mhimili ulipenya ukuta ukatokea upande wa pili, na kule mwisho wake palikuwa na mapanga makubwa ya mbao kama pangaboi, yanapiga upepo. Nikamuuliza Madam Hester mapanga yale yanaendesha nini.

"Hayaendeshi kitu," alisema. "Walikuwa wanasaga hewa."

Nilicheka. Nasikia aibu kuliandika hilo, lakini nilicheka, maana kwa fundi kitu kisicho na kazi kinachekesha. Papa Ilunga hakucheka. Alikaa juu ya rundo la mbao akatuhadithia habari za baba yake, ambaye alifungwa huko kwao kabla yeye hajapata akili za kukumbuka. Kila asubuhi baba yake alibeba mawe kutoka ukuta mmoja wa ua wa jela hadi ukuta wa pili, na kila jioni akayarudisha. Alipotoka hakuwa mgonjwa wala hakuwa na kovu. Lakini hakumaliza tena kazi yoyote. Akianza kujenga uzio anauacha nusu. Akilima shamba anaacha tuta la mwisho. Mama yao ndiye aliyekuwa anamalizia kila kitu.

"Ile pangaboi tuiweke," Papa Ilunga akamaliza. "Batu ba zamani habakuwekaka kintu bule."

Kwamba watu wa zamani hawakuweka kitu bure, mimi nikabisha. Nikasema ukuta wa kule kwenye maonyesho hauna upande wa pili, mapanga hayataonekana na yatatumalizia mbao nzuri na siku nne za kazi. Nikasema mgeni anataka kuona mtu anapanda, hataki kuona upepo. Nilikuwa na ulimi mwepesi wakati ule. Mwishowe akainua mikono juu akasema, "Bon, weye njo fundi ya gurudumu." Sehemu ya gurudumu na mhimili ilikuwa yangu kweli, na yeye alijenga fremu na gongo la kushikia. Tukayaacha mapanga.

Nikazidisha. Mchoro ulionyesha mhimili umelalia vitako vya mti, mti juu ya mti, unakwaruza. Nikaona ushamba. Nikaenda kwa wauza vyuma chakavu, nikapata bering mbili kubwa za lori, nzima kabisa, nikazisafisha kwa mafuta ya taa na kuzijaza grisi. Gurudumu likawa linazunguka kwa msukumo wa kiganja, kimya, laini. Nilijisikia raha kuliko siku nilipomaliza mlango wangu wa kwanza wa nakshi.

Nataka mnielewe hapa, kwa sababu hili ni kosa la fundi mzuri. Fundi mbaya angeacha mti ukwaruzane na mti, gurudumu likawa zito, na mtu asingeumia. Upepo ule uliopigwa na mapanga ndio uliokuwa breki. Ndio uliolifanya gurudumu lishuke polepole, likimngoja mtu atie mguu unaofuata. Nilipoyaacha mapanga na kuweka bering, niliondoa kila kitu kilichokuwa kinamshika yule anayepanda.

Tukalijaribu kwa mifuko ya mchanga, kama tulivyojaribu kila kitu kabla ya kupanda wenyewe. Niliweka mifuko miwili juu ya vikanyagio, nikachomoa pini iliyolizuia gurudumu lisizunguke. Gurudumu likashuka, mifuko ikadondoka chini, na Papa Ilunga akaenda kujibu simu akiwa ameridhika kwamba mbao hazikulia. Mimi nilibaki. Mifuko ilikuwa imelala sakafuni na gurudumu bado linakwenda. Likaenda. Nilisimama nikiliangalia linazunguka tupu. Nilijua. Sikujua kwa maneno, lakini nyinyi mtakaofanya kazi hii miaka mingi mtajua ninachosema, tumbo linajua kabla ya kichwa. Nikarudisha pini na sikumwambia mtu. Madam Hester alikuwa amekwisha kuwaita watu wa maonyesho waje kuangalia siku ya pili yake.

Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, na mwaka ule Ramadhani iliangukia kwenye baridi. Funga ya Jozi wakati wa baridi ni nyepesi, hapa hakuna ubishi. Mchana ni mfupi, kiu haipo, maghribi inaingia saa kumi na moja na nusu. Mtu mzima mwenye afya hana cha kujitetea. Asubuhi ya siku hiyo ya wageni niliamka daku imekwisha kupita, nikatoka kwenye fleti yetu ya Joubert Park bila kitu tumboni, na njiani nikampita mama anayekaanga magwinya, yale maandazi ya huku. Moshi wake ulinishika shingo. Nikajiambia siku moja nitailipa. Nikanunua matatu, na chai ya maziwa, nikaenda kulia nyuma ya kontena, nimeinama kama mwizi. Nikafuta mdomo, nikaenda kazini.

Nilipofika nilimkuta Papa Ilunga uani, amesimama kwenye baridi na kikombe chake, mvuke unamtoka puani. Mwezi mzima alikuwa anafanya hivyo. Alikuwa Mkristo, mwimbaji wa kwaya, na hakuna aliyemwomba, lakini alikataa kunywa chai ndani nilipokuwepo mimi niliyefunga. Alifunga hata mlango wa jiko letu dogo ili harufu ya mkate isinifikie. Aliniona akaniinulia kikombe kwa mbali, kisha akageuka ili nisimwone anakunywa.

Wageni watatu walifika kabla ya adhuhuri, wakapanga mstari na simu zao tayari. Madam Hester akaniangalia. Ilikuwa zamu yangu. Gurudumu langu, mhimili wangu, bering zangu. Nikavua koti. Nikapanda juu ya boriti ya chini ya fremu, nikashika gongo kwa mikono miwili, na mguu wangu wa kulia ukakataa kunyanyuka.

Papa Ilunga akanigusa bega.

"Rajabu, shuka. Weye uko unafunga."

"Naweza, Papa."

"Hapana. Hii ni kazi ya mutu mwenye kukunywa maji. Miye nilikunywa chai yangu. Acha nipande."

Wanangu, palikuwa na nafasi pale. Haikuwa ndogo. Alivua kofia yake, akaitundika kwenye msumari, akakunja mikono ya shati, mmoja, kisha wa pili. Ningeweza kusema, Papa, sikufunga leo. Ningeweza kusema, Papa, jana lilikimbia. Hata kama nisingetaja magwinya, ningeweza kutaja gurudumu. Nilishuka, nikarudi nyuma hatua mbili, nikashika pini.

"Chomoa," alisema.

Nikachomoa.

Hatua tano za kwanza zilikuwa nzuri na wageni wakachekelea. Hatua ya sita akawa anakanyaga haraka kidogo. Ya nane akawa anakimbia. Aliita jina langu mara moja, si kwa hasira, kama mtu anayekuomba umpitishie nyundo. Mguu wa kushoto ukakosa kikanyagio, ukapita katikati ya gurudumu na boriti ya chini ya fremu, ile boriti aliyoipiga randa yeye mwenyewe, na gurudumu likaendelea. Nilisukuma gogo la saligna, mkaratusi wa huku, kati ya vikanyagio, likakatika. Nikasukuma la pili. Liliposimama ndipo tukasikia sauti ya Papa.

Sitaandika zaidi kuhusu mguu. Hospitali waliukata chini ya goti wiki ya pili.

Jioni ileile ya ajali, Madam Hester alipomuuliza imekuwaje, alimjibu kutoka kitandani kwamba kiatu chake kiliteleza. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda na mfuko wa machungwa. Akaniangalia, akawaambia waliokuwepo, "Na huyu maskini hajakula tangu asubuhi. Mumpeleke nyumbani akafuturu." Nikapelekwa nyumbani. Nikafuturu, tende na maji na uji, mtu ambaye alikuwa na magwinya matatu tumboni.

Maonyesho hayakungoja. Mimi ndiye niliyelitengeneza gurudumu upya, kwa sababu hapakuwa na mwingine. Nilitoa bering, nikaweka vitako vya mti mgumu. Nikajenga mapanga, mabawa mawili mapana ya mbao, tukatoboa ukuta ule niliosema hauna upande wa pili, yakatokea stoo. Nikaweka na breki ya kamba kwa mkono wa mtu wa pili, na mshipi wa kumfunga anayepanda kiunoni. Hayo yote mnaweza kuyaandika kwenye daftari zenu: chochote kitakachobebwa na mtu kijaribuni kwa mtu, lakini mtu aliyefungwa kamba, na mwingine ashike breki. Mfuko wa mchanga hauchoki na haukosei hatua, basi hauwezi kukuambia kitu.

Safari hii nilipanda mimi. Nilimwomba Madam Hester akae na breki, nikapanda robo saa. Dakika ya kwanza ni mchezo. Ya tatu unaanza kutafuta mdundo. Ya tano unagundua kwamba mdundo si wako, kwamba kikanyagio kinashuka kwa mwendo wake na wewe unalazimika kukikuta. Huwezi kusimama upumue, kwa sababu ukisimama unashushwa. Mapaja yanawaka, macho yanaona ubao uleule unapita, na fundo lileleile la mti linarudi mbele yako kila mzunguko. Nililichukia lile fundo. Nyuma ya ukuta nilisikia mabawa yakipiga hewa, fuu, fuu. Nikawafikiria waliokuwa wakipandishwa kutwa, wengine kwa kosa la kuzurura au la kumjibu bwana wao, na nikamfikiria baba yake Papa Ilunga na mawe yake. Niliposhuka nilikaa sakafuni. Madam Hester alidhani nimechoka tu.

Maonyesho yalifunguliwa. Walifunga uzi mwekundu kulizunguka, hakuna aliyeruhusiwa kulipanda, watoto wa shule wakapiga nalo picha. Baadaye likavunjwa. Sijui mbao zake zilikwenda wapi. Mimi nilipewa nafasi ya seremala mkuu.

Papa Ilunga na mimi tulikuwa tunakaa jengo moja hapo Joubert Park, na tunakaa mpaka leo. Yeye alikuwa ghorofa ya tano, mimi ya saba. Baada ya mguu walimhamishia chini kabisa, chumba kilicho karibu na geti, kwa sababu lifti ya jengo lile ilikufa zamani na hakuna aliyeizika. Alipata mguu wa bandia, akaukataa kwa sababu unamchubua. Anatembelea gongo moja. Anawashonea majirani viti vya turubai, anaimba kwaya akiwa amekaa.

Ramadhani iliyofuata, jioni ya kwanza, nikasikia ngazi. Gongo, mguu. Gongo, mguu. Nikafungua mlango nikamwona amefika kwenye kona ya ghorofa ya sita, jasho linamtiririka, themosi ya uji imening'inia shingoni kwa kamba.

"Papa, ungeniita nishuke!"

"Aka! Weye uko unafunga. Mutu mwenye kufunga hatembee-tembee."

Alileta uji wa mahindi wenye karanga. Akakaa kwenye kiti changu, akangoja adhana kwenye simu yangu, akanitazama nikinywa. Jioni iliyofuata akaja tena. Akaja mwezi mzima. Akaja na mwaka uliofuata, na uliofuata. Nilimkataza, nilimbembeleza, nilijificha chini ngazini nimpokee, akanifukuza nirudi juu. Ramadhani ikahama kutoka kwenye baridi mpaka kwenye joto, mchana ukarefuka, naye umri ukamzidi, na kila jioni ghorofa saba kwa mguu mmoja, kwa ajili ya funga yangu.

Kuhusu ile siku ya magwinya, nilikwenda kumwuliza sheikh wetu. Akaniambia nitubie, nifunge siku moja badala yake, yatosha. Sikumwambia habari ya gurudumu, nilimwambia magwinya tu. Nikafunga siku moja. Mwaka wa pili nikaifunga tena ileile. Nimeifunga siku hiyo moja kila mwaka tangu wakati ule, na kila mwaka jioni naona bado ipo.

Ramadhani hii iliyopita nilikuwa nimekwisha kustaafu. Mikono inatetemeka, siwezi tena kushika patasi. Jioni moja ya joto kali nikamsikia anapanda, na kwenye ghorofa ya nne akasimama muda mrefu. Nikadhani ameanguka. Nikatoka mbio, nikamkuta ameegemea ukuta, midomo imekuwa ya rangi ya majivu, themosi ameikumbatia. Nikambeba nusu, nikamwingiza kwangu, nikampa maji. Alipopata pumzi akaanza kunimiminia uji, na mimi nikasema.

"Papa, siku ile sikuwa nimefunga."

"Siku gani?"

"Ya gurudumu."

Akaacha kumimina. "Ulikuwa mgonjwa?"

"Sikuwa mgonjwa. Asubuhi nilikula magwinya. Na chai."

"Magwinya ngapi?"

"Matatu."

Akatikisa kichwa kidogo, karibu atabasamu, kama mtu aliyesamehe kitu cha kitoto. Ningeweza kuishia pale. Nikasema na lililobaki, kwamba nililiona gurudumu linakimbia siku ya mifuko, kwamba nilijua, kwamba niliogopa kupanda, na aliponiambia nishuke kwa sababu ya funga nilishuka.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua, Papa."

Adhana ikaanza kwenye simu. Hakuna aliyegusa kikombe. Alikaa mpaka ikaisha, akiangalia mguu wa suruali yake uliokunjwa na kupigwa pini.

"Miye nilikunywaka chai yangu mu baridi," alisema. "Mwezi mzima. Uani."

Akaurudisha uji wa kwenye kikombe ndani ya themosi, taratibu, bila kumwaga. Akafunga kifuniko, akaivaa shingoni, akasimama. Nilinyoosha mkono kumshika, akausogeza kwa gongo. Nikamsikia anashuka. Gongo, mguu. Gongo, mguu. Ghorofa saba zote nilisimama mlangoni mpaka nikasikia mlango wake wa chini.

Kesho yake hakuja. Mimi nilifunga, nikapika wali na maharage ya nazi, nikautia kwenye themosi ya chakula, nikashuka nao kabla ya kufuturu, nikagonga. Hakufungua. Nikaweka themosi yangu kizingitini. Asubuhi niliikuta palepale, tupu, imeoshwa.

Ramadhani imekwisha na sijaacha. Kila jioni napika, nashuka, nagonga. Namsikia ndani, redio yake iko chini, kiti chake kinalia, na mimi najua ni kiungo gani cha kiti kile kimelegea na ningekibana kwa dakika tano. Hafungui. Nami siombi afungue. Kila asubuhi naikuta themosi imeoshwa, naichukua, nageuka, na zile ghorofa saba sasa napanda mimi.